INJINI ZA MICHEZO YA KOMPYUTA: ULIZA KWANZA NI BURE YA NAMNA GANI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi, mpenzi msomaji, siku moja sikuuliza, na kutouliza huko kukanigharimu shilingi 1,500, usingizi wa wiki nzima, na almanusura nikose uso wa kuwatazama wenzangu wa Chama cha Kiswahili.

Kisa chenyewe ni hiki. Likizo ya Agosti mwaka jana, mimi na binamu yangu tulishikwa na hamu ya kutengeneza mchezo wa kompyuta. Si kucheza, kucheza tulikuwa tumecheza hadi macho yakawa mekundu. Tulitaka kutengeneza wetu wenyewe: mchezo wa penalti, kipa akiwa amevaa rangi za shule yetu. Tulikuwa tumesikia kwamba kazi hiyo hufanywa kwa programu ya wataalamu iitwayo injini. Basi tukashika njia hadi mjini, tukaingia duka moja la vifaa vya kompyuta. Muuzaji alitutazama juu hadi chini, akatabasamu.

"Hii kitu ni ya wataalamu, kaka," akatuambia. "Huko ng'ambo ni maelfu ya dola. Mimi nitawapa kwa elfu moja mia tano, na kufuli yake imeshavunjwa. Ni kutia tu na kuanza kazi."

Tukatoa akiba yetu yote. Shule zilipofunguliwa, mimi, kwa ujuaji wangu, nikaitia programu ile katika kompyuta ya chama. Siku ya pili kompyuta ikaanza vioja. Siku ya tatu faili zote zikawa hazisomeki. Ndani yake mlikuwa na insha tisa za jarida letu. Mnakumbuka nyinyi mliokaa nami baada ya masomo ya jioni, tukizipiga chapa upya neno kwa neno.

Mwalimu wetu wa Kompyuta aliponiita nilijua leo ni leo. Lakini hakunigombeza. Alifungua kompyuta yake akanionyesha ukurasa wa kampuni yenyewe inayotengeneza programu ile niliyouziwa. Bei yake kwa mwanafunzi: sifuri.

"Kijana," akasema, "umenunua maji mtoni. Tena umechotewa machafu."

Mlezi wa chama naye akaamua kwamba faini yangu iwe kuandika makala haya, ili mwingine asije akaangukia shimo lile lile. Basi hebu nilipe deni langu.

INJINI NI KITU GANI?

Tazama matatu mpya ikipita barabarani, ubavuni imejaa michoro, ndani muziki unatikisa vioo. Wengi wetu hudhani gari zima lilitoka kiwandani hivyo hivyo. Sivyo. Mara nyingi kinachotoka kiwandani ni chesisi: fremu ya chuma, injini, magurudumu na usukani. Mafundi wetu wa hapa ndio huijengea bodi, wakaweka viti, taa na madoido. Fundi wa bodi hana haja ya kujua jinsi pistoni inavyosubuliwa. Kazi hiyo imeshafanywa na wengine. Yeye anaanzia pale walipoachia.

Injini ya mchezo wa kompyuta ni chesisi ya namna hiyo. Ni programu inayobeba kazi ngumu ambazo kila mchezo unazihitaji, ili mtengenezaji ashughulikie mchezo wake.

Chukua ule mchezo wetu wa penalti. Mchezaji anabonyeza kitufe. Kompyuta lazima itambue kitufe kimebonyezwa. Lazima ipige hesabu: mpira umekwenda upande gani, kwa kasi gani, mvutano wa ardhi unaushusha kiasi gani. Kisha iangalie kama mpira umegusa mkono wa kipa, mlingoti, au wavu. Halafu ichore upya uwanja mzima, mwanga na vivuli vyake, na kutoa sauti ya mashabiki. Mambo hayo yote hufanyika katika muda wa kufumba na kufumbua, tena chini yake! Mchezo mwingi wa siku hizi huchora picha 60 kila sekunde, kwa hiyo picha moja hupewa kama milisekunde 16 tu, kisha mzunguko unaanza tena: soma vitufe, piga hesabu, chora, soma, piga hesabu, chora.

Ukitaka kuandika yote hayo wewe mwenyewe kuanzia mwanzo, huenda ukamaliza shule kabla mpira wa kwanza haujafika golini. Injini inakupa hayo tayari. Wewe unaleta uwanja, kipa, kanuni na hadithi.

ZAMANI ZILIKUWA MALI YA NANI?

Hapo zamani kila kampuni ilijitengenezea mitambo yake na kuificha kama siri ya ukoo. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya tisini huko Marekani. Mwaka 1993 kampuni ya id Software ilitoa mchezo wa Doom, na mwaka 1996 ikatoa Quake. Makampuni mengine yakaona ni afadhali kununua leseni ya injini hizo kuliko kujisumbua upya. Kampuni ya Valve, kwa mfano, ilijenga mchezo wake wa Half-Life wa mwaka 1998 juu ya injini ya Quake. Mwaka huo huo kampuni ya Epic, iliyoanzishwa na Tim Sweeney, ikatoa mchezo wa Unreal, na injini yake nayo ilikuwa ikiuzwa kwa leseni.

Lakini bei! Leseni hizo zilikuwa za mamia ya maelfu ya dola. Mwanafunzi, au mtu anayetengeneza michezo kwa kujifurahisha tu, angezitazama kwa mbali kama fisi anavyoutazama mwezi akidhani ni mfupa.

Ni kweli kwamba id Software walikuwa na moyo wa ukarimu. Mnamo Desemba 1997 waliweka wazi maandishi ya ndani ya Doom, yaani msimbo wake, na Desemba 1999 wakafanya hivyo kwa Quake. Watu wengi walijifunza kwa kuyasoma. Hata hivyo walitoa injini zilipokuwa zimeanza kuzeeka. Iliyo mpya ilibaki ya wenye pesa.

Hapa kwetu, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambao milango ya wakubwa ilikuwa bado imefungwa. Pima mwenyewe ugumu wa kazi yake.

MLANGO ULIVYOFUNGUKA

Mwaka 2005 vijana watatu waliokuwa wakifanya kazi mjini Copenhagen, Denmark, yaani David Helgason, Joachim Ante na Nicholas Francis, walizindua injini waliyoiita Unity. Mchezo wao wa kwanza, GooBall, haukuwaletea utajiri. Lakini wakagundua kuwa chombo walichoutengenezea kilikuwa na thamani kuliko mchezo wenyewe. Mwanzoni walikiuza: toleo dogo kama dola 200, na toleo kubwa kama dola 1,500, ambazo kwa shilingi za wakati ule zilipita 100,000.

Kisha Oktoba 2009 toleo dogo likawa bure. Mwezi uliofuata, Novemba 2009, Epic nao wakatoa toleo la Unreal la bure kwa wanafunzi na wapenzi wa fani hiyo. Machi 2014 wakatoa injini yao mpya, Unreal ya nne, kwa dola 19 kwa mwezi, pamoja na msimbo wake. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2015, ada hiyo nayo ikaondolewa. Chombo kile kile cha makampuni makubwa kikawa mikononi mwa mtoto wa shule.

Na si chombo cha kuchezea. Mchezo wa Pokémon GO uliowatoa watu majumbani mwaka 2016 ulitengenezwa kwa Unity. Hollow Knight wa mwaka 2017, uliotengenezwa na kikundi kidogo cha Team Cherry kutoka Adelaide, Australia, ni Unity vilevile. Fortnite ni Unreal. Hata filamu ya mfululizo ya The Mandalorian ya mwaka 2019 ilitumia Unreal kuchora mandhari kwenye kuta za taa nyuma ya waigizaji.

KWA NINI WATOE BURE?

Swali zuri. Hakuna mfanyabiashara anayeamka asubuhi akagawa mali yake bila hesabu. Anayejifunza leo kwa Unity, kesho akiajiriwa ataiomba Unity. Akifungua kampuni yake, atanunua leseni kubwa au atalipa mrabaha. Isitoshe, makampuni haya huendesha masoko ambamo watu huuziana miti, majengo, sauti na wahusika waliokwisha kutengenezwa, na mwenye soko hukata chake. Ni kama mwenye duka anayekuonjesha karanga mlangoni. Karanga zile si za uongo, na tumbo lako litazifurahia, lakini naye anajua anachokifanya.

Sisemi hivi kwa kulaumu. Biashara hiyo imewafaa wote wawili. Nasema ili tujue tumesimama wapi.

BURE ZA AINA TATU

Hapa, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha makala haya. Neno "bure" ni moja, lakini ndani yake mna mambo matatu tofauti.

Ya kwanza ni bure yenye kikomo. Hii ndiyo ya Unity. Toleo lao la binafsi hulipii chochote maadamu mapato na mtaji wako wa miezi kumi na miwili haujapita dola 200,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 25. Ukivuka hapo, unatakiwa ununue leseni.

Ya pili ni bure yenye mgao, nayo ndiyo ya Unreal. Unapewa kila kitu, lakini mchezo wako ukifanikiwa sana unawagawia. Tangu Mei 2020 dola milioni moja za kwanza ambazo mchezo umeingiza hazikatwi kitu. Baada ya hapo kiwango cha kawaida cha mrabaha ni asilimia 5. Tufanye hesabu kidogo: mchezo ukiingiza dola 1,200,000, kinachokatwa mgao ni zile 200,000 zilizozidi. Asilimia 5 yake ni dola 10,000. Anayelipa hizo hana sababu ya kulia.

Ya tatu ni programu huria. Mfano wake mkubwa ni Godot, injini iliyoanzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kuwekwa wazi mbele ya ulimwengu Februari 2014. Leseni yake, iitwayo MIT, ni fupi mno, inaenea katika ukurasa mmoja. Inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kuibadilisha, hata kuiuza. Sharti kubwa ni kuambatisha tangazo la hakimiliki na leseni hiyo. Hakuna mrabaha, hakuna kikomo cha mapato. Na nakala uliyoipata leo chini ya leseni hiyo inabaki yako kuitumia, hata waanzilishi wakichoka kesho wakaenda kulima.

Ukizitazama vizuri utaona kuwa mbili za kwanza ni fadhila ya mwenye mali. Ya tatu ni haki iliyoandikwa. Fadhila ni kitu kizuri, lakini mwenye nayo anaweza kubadilisha nia.

SEPTEMBA 2023

Na nia ilibadilika kweli. Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya iliyokusudiwa kuanza Januari 2024. Mchezo ukishapita viwango fulani, mtengenezaji angelipa kwa kila mara mtu anapoutia mchezo huo katika simu au kompyuta yake. Kwa waliokuwa na toleo la binafsi viwango vilikuwa mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na mara 200,000 za kutiwa mchezo huo, na ada ikifika senti 20 za dola kila mara.

Utasema: mimi mwanafunzi hayo yananihusu nini? Mchezo wangu utachezwa na binamu yangu na dada yake! Ni kweli, wengi wa wanaojifunza wasingeguswa. Lakini fikiria mtu aliyetoa mchezo wa bure kwenye simu, akategemea matangazo madogo madogo yanayomletea senti chache kwa kila mchezaji. Mchezo wake ukipendwa ghafla na kuvuka viwango, deni lingeweza kumeza kile anachopata. Kilichochoma watu zaidi ni kuwa ada hiyo ingegusa hata michezo iliyokwisha kutolewa zamani. Mtu amejenga nyumba, ameshahamia, ndipo anaambiwa bei ya kiwanja imebadilika!

Kelele zilipigwa dunia nzima. Tarehe 22 mwezi huo huo kampuni ikalegeza masharti, na wenye toleo la binafsi wakaondolewa katika ada. Oktoba, mkurugenzi wake John Riccitiello akaondoka. Hatimaye Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa kabisa kwa watengenezaji wa michezo. Lakini imani ni kama yai. Wengi walikuwa wameanza kuhamia kwingine, na kampuni ya Re-Logic, yenye mchezo wa Terraria, iliipa Godot mchango wa dola 100,000, ingawa yenyewe haikuwa ikiutengeneza Terraria kwa Godot.

Ndipo nikakumbuka methali ya wazee: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Simaanishi tukikatae cha nduguye. Tukitumie, lakini tujue ni cha nduguye.

SASA SISI TUFANYEJE?

Kwanza, pakua programu kutoka kwa mwenyewe. Usinunue dukani kitu ambacho mwenyewe anakigawa. Nimeshalipa karo ya somo hilo kwa niaba yenu nyote. Na "kufuli iliyovunjwa" ni wizi hata pale ambapo haina virusi. Wizi wa kitu cha bure, jamani, ni aibu mara mbili.

Pili, pima mfuko na mashine. Bure haimaanishi haina gharama, maana bando hununuliwa na umeme hulipiwa. Unreal ni mzigo mkubwa, makumi ya gigabaiti, na inataka kompyuta yenye nguvu. Unity ni nafuu kidogo, lakini nayo hula gigabaiti kadhaa. Godot iko chini ya megabaiti 200, haihitaji kusakinishwa kwa mbwembwe, na kompyuta nyingi za zamani huiweza. Liko hata toleo lake la simu za Android. Kwa maabara kama yetu, penye kompyuta chache na intaneti inayokuja ikienda, mtu mmoja anaweza kuipakua mara moja akawagawia wenzake kwa flashi bila kuvunja sheria yoyote. Leseni yake inaruhusu.

Tatu, soma masharti. Najua ni marefu na yanachosha. Tafuta angalau majibu ya maswali manne: Nikipata pesa, nitadaiwa lini? Nitadaiwa kiasi gani? Masharti yakibadilika, mchezo niliokwisha kutoa utaguswa? Kampuni ikifunga milango, nitabaki na nini mkononi?

Nne, jifunze yale yanayohama nawe. Vitufe vya injini moja havifanani na vya nyingine, na lugha nazo hutofautiana: Unity hutumia C#, Unreal hutumia C++, Godot ina lugha yake ndogo inayokaribiana na Python. Lakini ule mzunguko wa kusoma, kupiga hesabu na kuchora ni ule ule kote. Vekta na matrisi ni zile zile. Naam, zile zile tunazomlalamikia Mwalimu wa Hisabati kila Jumatatu tukiuliza zitatusaidia nini maishani! Vekta ndiyo inayoupeleka mpira golini. Anayeelewa hayo, akifungiwa mlango mmoja, atabisha hodi mlango wa pili akiwa na elimu yake mkononi.

Tano, anza kidogo. Mchezo wa Pong wa mwaka 1972 ulikuwa vibao viwili na nukta moja inayodunda, na watu waliupanga foleni. Mimi na binamu yangu tuliutupa ule mpango wa uwanja wenye mashabiki elfu hamsini. Tukaanza na mpira mmoja, goli moja na kipa wa umbo la sanduku. Ulituchukua majuma matatu, kwa Godot, katika kompyuta ile ile ya chama, baada ya kusafishwa na mimi kuapa mbele ya mwenyekiti kuwa kila insha itakuwa na nakala ya pili mahali pengine.

Na kipa akidaka, maandishi yanatokea kwenye kioo: "Umenyimwa!" Mpira ukiingia: "Wavu umetikisika!" Hatukuomba ruhusa ya mtu ili mchezo wetu useme Kiswahili. Injini haijali lugha unayoiwekea. Tuna sungura na fisi, tuna majitu ya hadithi za bibi, tuna vitendawili vya kufungulia milango ya mapango. Ikiwa chesisi zinagawiwa, bodi tutaacha zijengwe na nani?

Mchezo wetu umo katika kompyuta ya chama, nanyi mnakaribishwa kuucheza siku ya Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Kipa bado ni sanduku. Anayejua kuchora mikono na aje atusaidie.